Mguu wa Nane wa Buibui

Sehemu ya Tisa

Haya, msomaji, pumua. Najua wiki nzima umelala vibaya. Mguu wa buibui ulitoka na pamba, mlango ukagongwa, na mimi nikaweka kalamu chini hapo hapo kama mtu asiyejua huruma.

Kwa aliyekosa gazeti, nimnong'oneze haraka. Buibui mwenyewe hang'ati. Alikufa zamani mno, kabla dunia haijaona mtu, tope likamfunika, tope likawa jiwe, naye akabaki humo bapa kama ua lililobanwa kitabuni. Kitu cha namna hiyo huitwa kisukuku. Visukuku vya konokono vimejaa tele. Vya buibui ni adimu, na hiki ni adimu kuliko vyote: jiwe la kijivu lenye ukubwa wa daftari, na juu yake buibui wa miguu minane kamili, nywele za miguuni unaweza kuzihesabu moja moja. Wapo wakusanyaji wanaoweza kuuza shamba la urithi ili kitu kama hicho kikae kwenye kabati lao la kioo.

Aliyekuwa anakisafisha ni Sindano. Jina hilo alipewa na Mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita na kumfundisha kazi ya kukaa mbele ya hadubini na sindano nyembamba, ukiondoa jiwe punje kwa punje mpaka mdudu atokeze. Mjomba huyo hajaonekana kwa wiki sita. Bwana Glavu, mwenye jiwe, alimwambia Sindano maneno machache: "Mjomba wako ni mgeni wangu. Buibui akipita mbele ya wateja wangu Alhamisi saa nne, mjomba atarudi nyumbani. Asipopita, hatarudi."

Leo ndiyo Alhamisi. Ni saa mbili na nusu asubuhi, na buibui ana miguu saba.

Sindano alisimama katikati ya karakana na pamba mkononi. Pamba ilikuwa imelowa asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, na mguu ulilala juu yake, mweusi, mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Mguu wa jiwe hautoki na pamba. Huu ulikuwa wa kutengenezwa, wa gundi na rangi na unga wa jiwe. Na pale ulipokuwa umebandikwa palikuwa na mikwaruzo midogo sana, imejipanga mistari mitatu kama maandishi.

Macho matupu hayakuweza kuisoma. Alinyoosha mkono avute hadubini, na mlango ukagongwa tena.

"Sindano," sauti ya Bwana Glavu ilisema nje. "Tumewahi kidogo."

Ufunguo ulishaingia kwenye kitasa. Bwana Glavu hugonga kwa adabu tu. Ufunguo anao yeye, na Sindano hana.

Afiche wapi? Mezani pako wazi. Mfuko wa aproni ndipo mahali pa kwanza mtu yeyote angetia mkono. Mlango ulipoanza kufunguka alikunja ile pamba, mguu ukiwa ndani, akaisokomeza sikioni.

Asetoni ilimuunguza mpaka machozi yakamlenga.

Bwana Glavu aliingia taratibu. Ni mtu mfupi, nadhifu, suti yake haina mkunjo, na mikononi ana zile glavu nyeupe za pamba ambazo hakuna aliyewahi kumwona bila kuzivaa. Wapo wanaosema analala nazo. Nyuma yake aliingia Dereva, jitu la kujaza mlango, lenye maneno mengi kuliko redio.

"Unalia," Bwana Glavu alisema.

"Sikio, mzee. Linaniuma tangu jana."

"Sikio si mchezo, dada," Dereva alidakia. "Shangazi yangu lilimuanza hivyo hivyo, akapuuza. Sasa ukimwamkia asubuhi anakuitikia jioni."

"Kasimame mlangoni," Bwana Glavu alimwambia. Dereva akaufyata, akaenda.

Bwana Glavu alivuta kiti, akakaa, akamtazama Sindano. Hakuwahi kupandisha sauti huyu bwana, na ndiyo maana watu walimwogopa. Mtu anayefoka unajua amefika wapi.

"Toa hiyo pamba."

"Mzee, hewa ikiingia itaniuma zaidi."

"Nina mambo ya kukwambia, binti yangu, na nataka uyasikie kwa masikio yote mawili. Toa."

Sindano aliitoa kwa vidole viwili, akaifumbata kiganjani. Alisikia mguu umemchoma ngozi kama mwiba, akajua haujavunjika. Alijikaza kisabuni. Bwana Glavu hakuinyooshea mkono ile pamba. Alitia mkono mfukoni akatoa tochi ndogo.

"Funga dirisha."

Sindano alijua tochi ile. Hutoa mwanga wa zambarau, na kila mkusanyaji mwenye akili anayo. Jiwe halisi likimulikwa hubaki limenuna. Gundi ya dukani ikimulikwa hung'aa kama macho ya paka. Alifunga mbao za dirisha, chumba kikawa giza, na ule mwanga ukaanza kutambaa juu ya jiwe.

Kichwa cha buibui hakikung'aa. Tumbo halikung'aa. Miguu ya kushoto minne, kimya. Miguu ya kulia, kimya.

Sindano alianza kupumua. Labda angeridhika. Labda angezima tochi bila kuhesabu.

"Tano," Bwana Glavu alisema gizani. "Sita. Saba."

Mwanga ulisimama.

"Wa nane uko kwenye pamba," aliuliza kwa upole, "au umeumeza?"

Sindano alifungua kiganja chini ya ule mwanga wa zambarau, na mguu ukaonekana umenasa kwenye nyuzi za pamba.

"Sikuukata, mzee. Nilikuwa nafuta tu, kama ninavyofuta kila kazi, ukatoka wenyewe. Ulikuwa wa bandia."

Hapo hapo akajing'ata ulimi. Unamwambiaje mkusanyaji usoni kwamba kitu chake ni cha bandia, huku amemshika mjomba wako? Akilini alimwona Mjomba amelala sakafuni mahali fulani kwenye chumba kisicho na dirisha, akataka kuyarudisha maneno kinywani.

Bwana Glavu alicheka. Wiki sita zote Sindano hakuwahi kumsikia akicheka, na alitamani asisikie tena.

"Unadhani sijui? Mjomba wako aliutengeneza hapa hapa, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki. Jiwe lilipopasuliwa kule machimboni, mguu ule uliondoka na vumbi. Nani atamnunua buibui kilema? Fungua dirisha, tusiumizane macho."

Sindano alifungua. Kumbe siku zote alikuwa anaogopa mtu aliyeibiwa, na mtu mwenyewe ndiye mwizi. Hofu yake haikupungua hata chembe. Mtu aliyeibiwa unaweza kumwomba radhi.

"Sasa niambie," Bwana Glavu aliendelea, "nani alikutuma ufute maungio?"

"Hakuna. Mjomba ndivyo alivyonifundisha. Ukipokea kazi iliyopita kwa fundi mwingine, kabla hujaikabidhi unafuta maungio yote, uone aliyekutangulia alifanya nini."

"Amekufundisha vizuri kuliko inavyomfaa. Urudishe. Saa nne wateja watakuwa hapa, mke na mume, wazee wenye macho makali, na wanakuja na tochi yao."

Sindano alipiga moyo konde. "Nataka kumsikia kwanza. Nipigie simu niongee naye, hata neno moja."

Bwana Glavu alitia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa lenzi ndogo ya duara iliyofungwa kwa uzi mweusi, akaining'iniza kidoleni.

"Unaijua?"

Aliijua kuliko sura yake mwenyewe. Mjomba aliivaa shingoni mchana na usiku.

"Umewahi kumwona ameivua?"

"Hapana. Hata akioga haivui."

"Basi," Bwana Glavu alisema, akairudisha mfukoni. "Fanya kazi."

Sindano alivuta droo ya Mjomba. Kichupa cha gundi kilikuwepo, kizibo kimekaza. Alikifungua kwa meno, akakipindua. Hakikutoka kitu. Gundi ilikuwa imekauka chini kama kaa la moto lililozimika. Kwenye droo ya pili kulikuwa na gundi za dukani za kila aina, na kila moja ingewaka kama taa chini ya tochi ya wale wazee.

"Imekauka," alisema. "Mzee, bila gundi hii tumekwisha."

"Wewe ndiye umekwisha. Wewe na mjomba wako. Inapatikana wapi?"

Sasa nisikilize, msomaji, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Fundi wa visukuku atakusimulia aibu za nyumbani kwake kabla hajakwambia anakotoa gundi. Gundi isiyong'aa ndiyo mkate wake. Ya Mjomba ilipikwa na mtu mmoja tu, mzee fundi viatu, nyuma ya ghala la magunia, na Mjomba alikuwa na amri moja kuhusu jambo hilo: mahali pa gundi hapatajwi, hata ukitekenywa.

Isitoshe, Mjomba na yule fundi viatu walikuwa hawasalimiani. Walikosana miaka tisa iliyopita kwa sababu ya mchezo wa drafti, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake alisogeza kete wakati yeye anapiga chafya. Wakikutana barabarani, mmoja alivuka ng'ambo. Tangu hapo Sindano ndiye aliyetumwa kuchukua gundi, na fundi viatu alimpa bila kuuliza habari za mtu yeyote.

Sindano alipima haraka. Upande mmoja siri ya gundi. Upande wa pili roho ya Mjomba. Ni nani kati yetu angefikiri mara mbili?

"Kuna fundi viatu," alisema. "Nyuma ya ghala la magunia, mlango wa bluu. Yeye ndiye anayeipika. Niache nikimbie, narudi sasa hivi."

"Wewe unabaki. Dereva ataenda."

"Hatamfungulia. Hafungulii mtu asiyemjua."

"Atamfungulia akisema nini?"

Sindano aliitazama saa ukutani. Ilikuwa imebaki dakika kumi kufika saa tatu.

"Aseme ametumwa na Sindano."

"Ghala la magunia, mlango wa bluu, nimetumwa na Sindano," Dereva alikariri mlangoni. "Hilo dogo, bosi. Na dada, hilo sikio usilichezee."

Alishuka ngazi kwa kishindo. Chini gari likawaka, likaondoka.

Bwana Glavu alilichukua jiwe mezani, akaliweka magotini. Aliinama. Aligusa kwa ncha ya kidole cheupe pale palipokuwa na mguu.

"Mbona hapa pamekwaruzwa?"

Akili ya kazi ilimjia Sindano yenyewe.

"Ndivyo inavyofanywa, mzee. Jiwe likiwa laini sana gundi haishiki. Unakwaruza kwanza."

"Aha." Alipatazama tena kidogo, kisha akakaa sawa. "Mjomba wako alichukua muda mrefu sana pale. Nilidhani ni uzee."

"Nipe nipasafishe kabla gundi haijafika."

"Gundi ikifika. Mpaka hapo, jiwe linakaa na mimi."

Hapakuwa na la kufanya ila kuusafisha ule mguu. Sindano aliuweka chini ya hadubini, akainamisha jicho. Aliona kazi ya Mjomba ilivyokuwa: kila kiungo mahali pake, kila unywele umechorwa kwa pumzi moja. Alifanya hivi akiwa na hofu gani, mzee wa watu, huku huyu bwana amemkodolea macho? Sindano alimkumbuka. Alitaka kumwona. Hakutaka kitu kingine duniani.

"Kabla ya mjomba wako nilikuwa na fundi mwingine," Bwana Glavu alisema kwa sauti ya kupitisha muda. "Alikuwa na mikono mizuri sana. Tatizo lake alipenda kuzungumza na watu."

Sindano hakutaka kuuliza. Akauliza. "Yuko wapi sasa?"

"Hazungumzi."

Dakika zilikwenda. Chini ya karakana ni duka la fremu za picha, na mlio wa msumeno ulipanda na kushuka. Saa tatu na robo. Saa tatu na dakika ishirini na tano. Sindano aliiba macho kila mara kulitazama jiwe pale magotini. Mistari mitatu. Mjomba hakukwaruza jiwe hivyo. Mjomba hukwaruza msalaba msalaba, kama wavu.

Saa tatu na nusu honi ililia barabarani, mara mbili, ya heshima.

Bwana Glavu alisimama, akachungulia dirishani. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjamana.

"Wamewahi nusu saa. Wazee hawa hawana kazi za kufanya." Aliliweka jiwe mezani, akalitazama, akamtazama Sindano. "Nitawashikilia chini kwa maneno mpaka Dereva afike. Pasafishe, basi. Ukiharibu kitu, unajua."

Alitoka. Ufunguo ulizunguka kwa nje. Viatu vyake vilishuka ngazi, na sauti yake ikabadilika huko huko njiani, ikawa tamu, ya kukaribisha wageni.

Sindano alilivuta jiwe chini ya hadubini kwa mikono miwili.

Maandishi. Herufi ndogo kuliko mguu wa sisimizi, zimechongwa kwa ncha ya sindano, na aliutambua mwandiko kabla hajaelewa neno hata moja. Ile R yenye mguu mrefu ilikuwa ya Mjomba.

Mstari wa kwanza ulisema: NATOROKA LEO.

Alisoma mara mbili. Akaziba mdomo kwa kiganja. Ametoroka. Hakuwa mikononi mwa mtu, hakuwa sakafuni kwenye chumba kisicho na dirisha. Wiki sita Sindano alitetemeka kwa ajili ya mateka asiyekuwepo. Lenzi ile lazima ilimdondoka akikimbia, na Bwana Glavu akaiokota akaitumia. Mjomba alijua atakayeletwa kukamilisha kazi ni mtoto wake huyu. Alijua ni lazima atafuta maungio. Basi akaandika barua mahali ambapo mtu mmoja tu duniani angepasafisha. Machozi yalimtoka Sindano, ya furaha safari hii, yakadondoka juu ya meza.

Mstari wa pili ulisema: NITAKUWA KWA FUNDI VIATU.

Machozi yalikatika.

Bila shaka. Nani angekwenda kumtafuta mtu kwa hasimu wake? Watu wote mtaani walijua ugomvi ule. Pangekuwa mahali salama kuliko popote, kama kusingekuwa na mpumbavu wa kupataja.

Mstari wa tatu ulikuwa umefunikwa na utando wa gundi. Alichovya pamba, akafuta. Herufi zikajitokeza kwa zamu, zile za mwisho kwanza.

USIMTAJE KWA MTU.

Sindano alikaa chini. Alimtaja. Alimtaja kwa mdomo wake, akataja na rangi ya mlango, akatoa na neno la kumfungulisha. Mjomba alifikiria kila kitu isipokuwa kichupa cha gundi kukauka.

Alikimbilia dirishani. Lilikuwa na vyuma. Fundi viatu hakuwa na simu. Alisema simu ni za watu wenye deni. Sindano alizunguka chumba kama kuku aliyekatwa kichwa, akijisemea afanye nini, afanye nini, na ndipo mezani kitu kikatetemeka.

Ilikuwa simu ya Bwana Glavu. Alikuwa ameichomeka kwenye chaji, na kwa haraka ya wageni akaisahau. Kwenye kioo paliandikwa neno moja: DEREVA.

Sindano aliipokea. Akaibana sikioni.

"Bosi, hutaamini nani kanifungulia mlango," Dereva alisema, bila kusubiri kuitikiwa, kama kawaida yake. "Nimebisha hodi, kimya. Nimebisha tena, kimya. Fundi viatu mwenyewe hayupo. Nikasema nimetumwa na Sindano. Bosi, mlango huo! Mzee wako mwenyewe, ana fulana na kiatu kimoja, ametoka mbio anauliza amepatwa na nini. Wiki sita tunachimba mji mzima, kumbe yuko hapa anakunywa chai."

Nyuma ya sauti hiyo palikuwa na sauti nyingine, ya mbali, iliyokwaruza kwa vumbi la miaka mingi. "Sindano yuko wapi? Mmemfanya nini mwanangu?"

Sindano alitaka kupiga kelele. Alijiuma mkono. Akisema neno, Dereva angejua si bosi wake. Akikata, Dereva angepiga tena.

"Bosi, unanisikia? Mtandao wa huku mbovu. Nimemtia garini."

Ngazi zilianza kulia. Nyayo zilikuwa za watu watatu. Sauti ya Bwana Glavu ilikuwa inaeleza jinsi buibui alivyopatikana, na sauti ya mwanamke mzee ikauliza kama ni kweli nywele zinahesabika. Kitu cha kioo kiligongana na ukuta taratibu, kikawekwa chini. Ufunguo ukazunguka.

Mlango ulisukumwa kwa bega. Bwana Glavu aliingia kwanza, amekumbatia kwa mikono miwili sanduku la kioo la kumwekea buibui, walilokuja nalo wageni. Nyuma yake mama mmoja mwenye miwani, mkoba kifuani. Nyuma zaidi mume wake, anahema, bado yuko kwenye ngazi ya mwisho.

Bwana Glavu aliiona simu sikioni mwa Sindano. Tabasamu lilibaki pale pale, ila macho yalihama.

"Nani huyo, binti yangu?" aliuliza kwa upole. "Kata. Tuna wageni."

Mikono yake ilikuwa imejaa. Sindano aliona hilo. Lakini alimsubiri kwanza yule mume. Alimsubiri mpaka akavuka kizingiti, mguu mmoja, kisha wa pili, mashahidi wawili wakiwa ndani.

Kisha akaishusha simu, akabonyeza sauti kubwa, akaiweka mezani.

"Bosi?" Dereva alijaza chumba kizima. "Nasema mzee ninaye. Nimlete huko, au nimnyamazishe huku huku kama yule fundi mwingine?"

Msumeno ulikuwa umenyamaza huko chini.

"Mzee gani huyo?" aliuliza yule mama mwenye miwani.

Bwana Glavu aliliweka sanduku la kioo mezani, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Hakumtazama Sindano. Hakuwatazama wageni wake. Alirudi mlangoni, akachomoa ufunguo kwa nje, akafunga mlango, akauingiza ufunguo kwa ndani na kuuzungusha mara mbili, wote wanne wakiwa humo.

"Bosi, nasubiri neno lako," simu ilisema. "Nifanyeje?"

Bwana Glavu alianza kuvua glavu.